Shangazi na Yai Viza

Katika karakana moja kubwa ya mabasi palikuwa na kantini, na katika kantini hiyo palikuwa na mpishi ambaye kila mtu, kuanzia waosha magari hadi meneja mwenyewe, alimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Jina lilianza na fundi mmoja wa kuchomea vyuma aliyekuwa akimbembeleza amwongezee yai, “Shangazi yangu, hili moja litanifikisha wapi?” na tangu siku hiyo likamganda. Sasa alikuwa na mwaka wa kumi na tisa akiwakaangia watu mayai ya asubuhi.

Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Shangazi alifungua madirisha, akawasha jiko la gesi lenye mafiga manne, akapasha vikaango viwili vya chuma: kikubwa cha mayai ya kuvuruga na kidogo cha mayai ya jicho. Hakuwa na haja ya kuuliza mtu anataka nini. Fundi umeme alitaka kiini kilaini kinachotiririka. Mpaka rangi wa mabasi alitaka yai lililogeuzwa pande zote mbili hadi likauke kama soli. Mlinzi wa getini alitaka vitunguu vingi na nyanya asizione kabisa. Wote hao aliwajua kwa hatua zao tu wakiwa bado mlangoni, na mtu alipofika kaunta sahani yake ilikuwa inamngoja.

Ila kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba Shangazi hakuwa mpishi wa kuangalia saa. Alipikia pua. Aliweza kuligeuzia jiko mgongo, akawa anakata mkate na kupiga soga na madereva, kisha ghafla akanyoosha mkono nyuma akapunguza moto, kwa sababu vitunguu vilikuwa vimemwambia vimeiva. Mafuta yakipata moto wa kutosha aliyasikia harufu yake kabla hayajatoa hata moshi. Maziwa yaliyokuwa yanafikiria kuchacha aliyajua tangu jana yake. Hakuwahi kujivuna. Aliona ni jambo la kawaida, kama mtu mwenye macho mawili anavyoona.

Basi ikapita homa mjini, ikawalaza wengi, na Shangazi naye ikamlaza siku nne. Siku ya tano alirudi kazini, mwili mwepesi kidogo lakini moyo mzima. Akakata vitunguu, akavimwaga kwenye mafuta, akageuka kukata mkate huku akingoja vimwite kama kawaida yake. Vitunguu havikuita. Akaendelea kukata mkate.

“Shangazi!” alipaza sauti mzee wa kuosha vyombo. “Unataka kutufukiza?”

Akageuka. Moshi mweusi ulikuwa umefika darini na vitunguu vilikuwa mkaa. Alicheka, akasema homa imemwacha na kichwa cha maji, akakisugua kikaango na kuanza upya. Lakini safari hii hakuvigeuzia mgongo hadi vilipoiva. Watu walipoisha kaunta aliingia stoo, akafunga mlango, akachukua kitunguu kibichi akakipasua na kukiweka puani. Hakusikia kitu. Akafungua chupa ya siki. Hakusikia kitu. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile kali inayopigisha watu chafya, akaivuta kwa nguvu zote. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Daktari wa zahanati alimmulika puani kwa tochi, akamwambia kuwa ni ile homa, imewapata wengine pia, na mara nyingi harufu hurudi.

“Lini, daktari?”

“Wiki kadhaa. Miezi. Wapo ambao…” Daktari hakuimaliza sentensi. Alianza kuifuta tochi yake, na Shangazi akaimalizia mwenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu mpole wa kukosa usingizi kwa jambo dogo, na Shangazi aliona hakuna maana ya nyumba nzima kukesha. Na kazini ndiyo kabisa. Alimkumbuka mpishi aliyekuwa naye miaka ya nyuma, mama ambaye macho yalianza kuingia ukungu. Haukupita mwezi, yule mama akaonekana stoo akipanga magunia ya mchele, na mwaka uliofuata hakuonekana tena. Shangazi alijiona na yeye yuko stoo, amekaa kwenye gunia, akisikiliza mtu mwingine akiwaunguzia watu wake mayai.

Kwa hiyo akawa mtu wa mbinu. Kila yai aliliweka kwanza kwenye beseni la maji: lililolala chini ni zima, lililoelea aliliondoa. Hata hilo lililolala hakuliamini. Alilipasulia kwenye kikombe, akaliangalia vizuri chini ya taa, ndipo akalimimina kwenye bakuli. Alinunua saa ndogo ya kengele akaiweka kando ya jiko. Chumvi aliipima kwa kijiko, yeye ambaye zamani aliirusha kwa vidole hata bila kutazama. Wateja hawakulalamika. Fundi kuchomea alimuuliza mara moja tu, “Shangazi, siku hizi unapika kwa kengele kama shule?” Akamjibu kuwa uzee unabisha hodi, wakacheka.

Lililomtoa jasho hasa ni gesi. Ikivuja hatajua. Alifunga mtungi, akatoka, akafika getini, akarudi kuhakikisha. Alifika kituoni, akarudi tena. Mlinzi akaanza kumwuliza kama ameficha dhahabu jikoni. Na lilikuwepo jingine ambalo hata kulitaja peke yake aliona aibu: aliogopa asije akawa ananuka yeye mwenyewe bila kujua. Akawa anaoga asubuhi, anaoga jioni, na shati alilolivaa nusu siku analitia kwenye maji.

Chakula nacho kikamkinaisha. Yai lake mwenyewe, hilo hilo walilokuwa wakilisifia watu, mdomoni mwake lilikuwa kama kitambaa kilicholowa, likiwa na chumvi tu, bila cha zaidi. Akaacha kula asubuhi. Ikafika mahali kamba ya aproni inamzunguka kiunoni mara mbili na bado inabaki ya kufungia fundo.

Yule mzee wa kuosha vyombo watu walimwita Babu Sufuria. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na maneno aliyatoa kwa kubana kama mtu anayetoa maji kwenye kitambaa kikavu. Mwezi wa pili wa shida ya Shangazi, msimamizi wa kantini alisema bomba la sinki linavuja, akamhamishia Babu Sufuria kwenye meza ndogo kando ya jiko, awe anafutia vyombo hapo. Msimamizi huyu alikuwa mama mwembamba, mdogo kwa Shangazi kama miaka kumi, mwenye mwendo wa haraka na kalamu isiyotoka sikioni. Alizungumza kwa mkato, na Shangazi alimheshimu kwa umbali.

Jambo la ajabu ni kwamba Babu Sufuria, baada ya kuhamia mezani pale, aligeuka msemaji. “Vitunguu hivyo vimeshakuwa vitamu.” Mara: “Mafuta ya leo mapya, eh?” Mara: “Mkate wa huko juu unaanza kuwa na ukungu.” Shangazi alidhani ni uzee unamlegeza ulimi. Wakati mwingine ulimkera. Lakini kila mzee aliposema vitunguu vimeiva, Shangazi akigeuka kuviangalia alikuta kweli vimeiva, akapunguza moto na kushukuru kimoyomoyo kwamba angalau mzee ana pua.

Miezi minne ikapita hivyo, ukaanza wa tano.

Jumatatu moja karakana ilipata mabasi kumi na mawili kwa mpigo, yote ya kukaguliwa siku hiyo hiyo, na madereva wake pamoja na matingo, wasaidizi wao wa safarini, wakaja kantini wote kabla jua halijatoka. Foleni ilipita mlangoni ikazunguka nje. Mleta mayai naye alikuwa amechelewa. Alipotua trei zake, Shangazi hakuwa na nafasi ya beseni wala ya maji. Alibaki na kikombe tu. Akawa anapasua, anatazama, anamimina. Anapasua, anatazama, anamimina. Msimamizi mwenyewe alivua saa yake akaingia kaunta kugawa chai. Babu Sufuria alikuwa anakata mkate kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuukata.

Trei ya kwanza ikaisha. Katikati ya ile ya pili, Shangazi alilipasua yai moja ukingoni mwa kikombe, na kabla hajalitazama, kitu kikamgusa ndani kabisa ya pua, juu, mahali palipokuwa pamekufa. Kilikuwa kidogo, kama mtu anayevuta uzi. Akasimama. Akadhani ni mawazo, maana alishawahi kujidanganya hivyo mara mbili tatu. Akakileta kikombe karibu. Ule uzi ukavutwa tena, safari hii kwa nguvu. Akatumbukiza pua yote kikombeni, akavuta pumzi hadi mwisho.

Lilikuwa yai viza. Si viza la kubahatisha. Lilikuwa viza la miezi, limegeuka maji ya kijivu, na uvundo wake ulikuwa ule wa kumtoa nyoka pangoni.

“Linanuka,” alisema Shangazi polepole.

Hapo uvundo ulikuwa umeshafika kaunta. Dereva wa kwanza kwenye foleni aliziba pua kwa kofia yake. Wa pili na wa tatu walirudi nyuma wakawakanyaga wa nne. Mpaka rangi alikurupuka na sahani yake mkononi kukimbilia dirishani.

“Shangazi, tupa hicho!”

“Mwaga nje, utatuua!”

Shangazi hakutupa. Alikuwa amekikumbatia kikombe kifuani kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na huku anacheka kicheko ambacho hakikuwa na breki. “Linanuka!” akapaza sauti. “Jamani, linanuka! Linanuka vibaya sana!” Akainamisha uso akanusa tena, akakohoa, nusura atapike, akacheka zaidi. Fundi kuchomea, aliyekuwa amejifunga leso puani kama mtu anayekwenda kupulizia dawa ya wadudu, alimgeukia mwenzake akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ana namba ya mumewe.

Msimamizi alizima jiko, akamshika bega. “Shangazi. Nitazame. Una nini?”

Na yale yote aliyoyabana kwa miezi minne na zaidi yakafunguka mbele ya foleni nzima. “Sikuwa nasikia harufu, mama. Tangu ile homa. Sikuwa nasikia kitu chochote, vitunguu, siki, gesi, hata mwenyewe sijisikii. Niliwaficha. Nimewapikia kwa kengele na kijiko. Kama unataka kunipeleka stoo nipeleke, lakini leo nimesikia. Hili yai nimelisikia mimi kwanza, kabla yenu nyote!”

Msimamizi alichukua kikombe kutoka mikononi mwake, taratibu kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akampa Babu Sufuria, naye akakipeleka nje mbali kwa mkono ulionyooka. Aliporudi akakishika tena kisu cha mkate.

“Stoo ukafanye nini?” msimamizi alimwuliza Shangazi.

“Kama yule mama wa macho.”

“Yule aliomba mwenyewe!” Msimamizi aliitoa kalamu sikioni akairudisha. “Alisema miguu inamuuma, anataka kazi ya kukaa. Na alivyotuacha, aliacha kwa sababu mwanawe alimchukua akalee wajukuu. Alitupigia simu juzi tu, ana afya kuliko mimi.” Kisha akashusha sauti. “Na hili lako nalijua tangu mwezi wa pili.”

Msimamizi akaonyesha kwa kidevu upande wa Babu Sufuria, ambaye ghafla alionekana kuwa na shughuli nyingi sana na kisu cha mkate.

“Babu?”

Mzee alikohoa. “Kulikuwa na panya,” alisema. “Alifia nyuma ya lile kabati. Watu wote wakawa wanapita mbio wameziba pua. Wewe ulikuwa umeliegemea, unakunywa chai, unaimba.” Akafikiri kidogo. “Unaimba vizuri tu.”

“Panya gani?” msimamizi alishtuka. “Hilo la panya hukuniambia.”

“Wa zamani huyo. Nilishamzika.”

Kicheko kilichopasuka humo ndani kilisikika hadi kwenye mashimo ya mafundi, chini ya mabasi. Hata msimamizi alishindwa kujizuia. Alipotulia alimweleza Shangazi kila kitu: bomba la sinki halikuwahi kuvuja. Mzee alikuja ofisini kwake, akavua kofia, akasema mpishi wetu amepoteza harufu na hataki tujue, basi mimi nihamishie karibu na jiko, pua yangu ni nzima, nitakuwa namwambia mambo bila kumwambia. Ndivyo walivyofanya. Na kila jioni, Shangazi akishafunga mtungi na kwenda na kurudi na kwenda tena, Babu Sufuria naye alipita kunusa mara ya mwisho kabla ya kufunga mlango.

Shangazi alikaa kwenye kiti. Alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani safari ndefu, akaitua, shingo ikawa haijui la kufanya. Alilia kidogo, kilio kizuri cha kushusha pumzi, na madereva waliokuwa na njaa wakajitia hamnazo, wakaanza kuzungumzia matairi.

“Kaa hapo hapo,” msimamizi aliamuru. “Lini umekula asubuhi mara ya mwisho? Usinijibu. Kamba ya aproni imenijibu.”

Akafanya ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alikunja mikono ya shati, akaosha vikaango, akawasha jiko, akakaanga vitunguu na mayai mawili kwa ajili ya mpishi. Alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini jiko halikuwemo. Moto aliuweka mkali mno, mafuta yakamrukia mkononi, akaruka nyuma akipuliza vidole. Yai moja lilipasuka kiini. Ule ute ukakunjamana pembeni ukawa kahawia, halafu ukaendelea kuwa zaidi ya kahawia.

Shangazi aliinua uso. Kilikuwa kitu hafifu, kinakuja na kupotea.

“Mama,” alisema, “unaunguza vitunguu.”

Msimamizi akageuka na mwiko mkononi. “Umeona?”

“Sijaona. Umelikinga jiko kwa mgongo.”

Foleni nzima ikatabasamu. Msimamizi akapunguza moto haraka, akaitua sahani mbele yake, akasimama pale kama mwanafunzi anayengoja maksi. Shangazi aliyala yale mayai yote mawili, na vitunguu vilivyoungua, na mkate juu yake. Ladha haikuwa imerudi yote. Alipata chumvi, alipata uchungu wa kuungua, na nyuma yake kwa mbali sana alipata yai. Akafuta sahani kwa mkate. Kisha akasimama, akaifunga upya aproni yake, akawaambia madereva wajipange vizuri, na wa kwanza aseme anataka ya kuvuruga au ya jicho.

Jioni ile alirudi nyumbani bila kurudi nyuma kukagua mtungi hata mara moja. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele mumewe alipoingia kutoka kibandani kwake, begi la zana begani.

“Ngoja,” Shangazi alisema. “Usipite.”

Mumewe akasimama. Shangazi akanyanyua pua, akafumba macho. “Gundi,” alisema. “Unanuka gundi ya viatu mwili mzima. Unataka kuingia hivyo hivyo ukakae kwenye viti vyangu? Nenda kanawe!”

Mumewe, masikini, aliliweka begi chini. “Miezi mingapi hujaniambia hivyo,” alisema.

“Sikuwa nasikia, baba watoto. Ile homa ilinichukulia harufu yote. Sikukwambia, niliogopa hutalala.”

“Na sikulala!” Mumewe alikaa kizingitini kando yake, gundi na yote. “Kila siku naingia hapa na gundi yangu nangoja unifukuze nikaoge. Hunifukuzi. Nikasema basi, mama huyu amenichoka. Hata kunigombeza amechoka. Mara anaoga usiku na mchana, anakonda, hali pamoja nami. Nikasema atakuwa anataka kuniambia jambo kubwa, anatafuta siku.”

Shangazi alimtazama, asijue acheke au alie tena, na kwa kuwa kilio alikuwa amekimaliza kazini, akacheka. Mumewe akacheka naye, wakagongana mabega, mchele ukamwagika nusu chini na hakuna aliyeuokota kwa muda.

Harufu nyingine zilirudi kwa zamu, na bila utaratibu. Sabuni ilitangulia. Chai ilipoteza njia, kwa wiki tatu ikawa inamnukia kama mpira uliochomwa, kisha ikakaa sawa. Samli ilichelewa kuliko zote. Lakini siku hiyo, kabla ya hayo yote, alikuwa na gundi tu, nayo ilimtosha. Alimsukuma mumewe kwa kiwiko.

“Nimesema nenda kanawe.”

Akainuka akaenda. Alisikika bafuni akijimwagia maji na kupiga mluzi, na alikaa huko muda mrefu.